Siku ya Mapumziko Katika Makumbusho ya Rohero

Wazazi wengi hudhani kwamba makumbusho ni mahali pa watalii wenye kamera shingoni, au pa wanafunzi waliopangwa mistari nyuma ya mwalimu wao. Mtu mwenye watoto wadogo apatapo siku moja ya mapumziko, aghalabu huwapeleka ufukweni, au kwa jamaa, au huwaacha wacheze uani naye akajinyoosha kitandani. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini iko familia moja ya Bujumbura, mume mwanajeshi na mke mchuuzi wa vitambaa, ambayo mwezi wa Agosti mwaka 2012 ilichagua njia nyingine. Yaliyowapata siku ile yafaa kusimuliwa, hasa kwa jamaa za askari ambao kazi huwaweka mbali na nyumba zao kwa miezi mingi.

Rohero ni eneo la katikati ya Bujumbura, mji uliokuwa makao makuu ya nchi mpaka serikali ilipoyahamishia Gitega mwanzoni mwa mwaka 2019. Zamani za utawala wa Wabelgiji, mji wenyewe ulipokuwa ukiitwa Usumbura, barabara za hapo zilichorwa pana na nyumba zikawekwa nyuma ya bustani. Hapo lipo kanisa kuu la Regina Mundi, yapo maduka na afisi, na miti ya kivuli imeota kando ya njia. Ukiteremka upande wa ziwani, katika barabara ya 13 Oktoba, utayakuta makumbusho ambayo kwa Kifaransa huitwa Musée Vivant, yaani Makumbusho Hai. Yalianzishwa mwaka 1977. Yalipewa jina hilo kwa kuwa vikapu, vyungu na ngoma za Burundi viliwekwa humo pamoja na viumbe walio hai: mamba, nyoka, ndege na samaki wa Ziwa Tanganyika, katikati ya bustani.

Baba wa familia hiyo, aliyekuwa sajini, alikuwa na majuma mawili tu tangu arudi kutoka Mogadishu. Wanajeshi wa Burundi walianza kwenda Somalia mwishoni mwa mwaka 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, na yeye alikaa huko mwaka mzima. Alipoondoka, mwanawe wa kwanza alikuwa na umri wa miaka minane, na wa pili, msichana, alikuwa na mitatu. Mvulana alimkumbuka vizuri na alimpokea kwa shangwe. Msichana alimjua kwa sauti tu, ile sauti ya simu ya Jumapili jioni. Alipomwona mwenye sauti amesimama mlangoni na mkoba wake wa kijani, alikimbia akajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Baba alimletea mwanasesere. Mtoto alimpokea mwanasesere, akamkataa aliyemleta. Usiku wa tatu aliuliza, “Mama, mgeni huyu atakwenda kwao lini?”

Mama hakucheka. Baba, ambaye alisikia kutoka chumba cha pili, hakusema neno.

Jambo hili si geni katika nyumba za askari. Mtoto wa miaka minne hajui kazi ya taifa ni nini. Ajuacho ni nani anayemwogesha, nani anayemlisha, na nani anayelala upande upi wa kitanda. Baba akirudi hudhani atakipata kiti chake pale alipokiacha. Kumbe nyumba imejifunza kuishi bila kiti hicho. Wengine hukasirika, wakataka kutiiwa kama kambini. Wengine huhonga kwa peremende. Mama huyu wa Buyenzi alifikiri kwa njia nyingine. Asubuhi moja, wakinywa chai, alimwambia mumewe, “Baba watoto, humu ndani kila kitu tunakijua sisi. Wewe hata mahali pa kuweka chumvi hupajui tena, inakubidi uwaulize watoto. Tuwapeleke mahali ambapo wewe ndiye utakayewaonyesha.”

Mama mwenyewe aliwahi kufika Makumbusho Hai alipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na alikumbuka kwamba ndani yake kulikuwa na urugo, yaani boma la kale la Kirundi lenye nyumba ya nyasi. Mumewe alizaliwa katika vilima vya Muramvya, akaja mjini akiwa kijana mkubwa. Watoto wao walizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wakazoea lugha ya Kiswahili, mitaa yenye namba na mabati. Vilima vya baba yao walivisikia katika salamu tu.

Matayarisho yalikuwa machache lakini yalifanywa kwa akili. Mama aliwalisha watoto uji mzito kabla ya kuondoka, maana mtoto mwenye njaa haoni kitu ila njaa yake. Alitia katika kikapu ndizi sita, chupa mbili za maji, kofia, na kitambaa cha kufutia mikono. Waliondoka saa mbili asubuhi, ili jua lisiwapate katikati ya shughuli. Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa agano lao: hawataona kila kitu. Kila mmoja atachagua kitu kimoja tu, na wote watakwenda kukitazama kwa utulivu. Mvulana alisema upesi, “Mamba!” Msichana alifikiri, kisha akanong'ona katika sikio la mama yake kwamba alitaka kumwona mukeke aliye hai, kwa kuwa alimjua wa kwenye sahani tu. Baba alisema, “Mimi nachagua nyumba.” Mama alisema yeye atachagua mwishoni.

Walikwenda kwa miguu kutoka Buyenzi. Walilipita soko kuu, ambalo wakati ule lilikuwa bado limesimama na limejaa watu. Liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Wakaingia katika vivuli vya Rohero. Msichana alishika mkono wa mama yake, upande wa mbali na baba. Walipofika katika barabara ya makumbusho, mvulana, ambaye alikuwa amejua kusoma vizuri, alilisoma jina lake kwa sauti na kuuliza kwa nini njia iitwe kwa tarehe.

Baba alimweleza. Tarehe 18 Septemba 1961 chama cha UPRONA kilishinda uchaguzi, na kiongozi wake, Mwanamfalme Louis Rwagasore, akawa waziri mkuu. Hakukaa hata mwezi mmoja. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi akiwa katika mkahawa kando ya ziwa, naye alikuwa na umri wa miaka 29. Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Kaburi lake liko juu ya kilima, na ukiwa mjini unaweza kuuona mnara wake. “Kwa hiyo njia hii ni ya kumkumbuka?” aliuliza mvulana. “Ni ya kumkumbuka,” alijibu baba. Somo la kwanza la siku lilipatikana hivyo, kabla ya kulipa kiingilio.

Kwa mamba walikwenda kwanza, kwa kuwa mvulana asingeweza kungoja. Ziwa Tanganyika na mto Ruzizi, unaoteremka kutoka Ziwa Kivu, vina mamba wengi, na watu wa Bujumbura wanamsimulia hata leo yule dume kubwa lililopewa jina la Gustave, ambalo sifa yake ilivuka mipaka ya nchi. Mamba wa makumbusho walikuwa wamelala, vinywa wazi, hawatikisiki. Mvulana alidhani wamekufa. Mwongozaji alimweleza kwamba mamba hufungua kinywa ili kupunguza joto la mwili. Kisha akawaeleza habari ambayo hawakuitazamia. Mamba jike hufukia mayai yake mchangani na kuyalinda karibu miezi mitatu. Watoto wakianza kulia ndani ya maganda, mama huwafukua, huwachukua kinywani mwake, katikati ya meno yaleyale, na kuwapeleka majini bila kumdhuru hata mmoja.

Msichana alichungulia kutoka nyuma ya kanga. “Hawamezi?” “Hawamezi,” alijibu mwongozaji.

Hapo ndipo ilipotokea shida ya siku ile. Wakati huo mgeni aliyetaka aliweza kulipa fedha kidogo apate kumtazama mnyama akilishwa simbilisi aliye hai, yule mnyama mdogo wa manyoya asiye na mkia ambaye watu wengi wa nchi hizi humfuga jikoni. Mvulana aliposikia hayo alimshika baba yake mkono. “Baba, tulipe! Tulipe tuone!” Baba alikuwa amekwisha kuingiza mkono mfukoni. Alikuwa mbali na mwanawe mwaka mzima, na alitaka sana kumfurahisha. Lakini macho yake yalimwangukia binti yake, ambaye alikuwa amechuchumaa mbele ya kizimba cha simbilisi na kuanza kuwahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu.

Baba akautoa mkono mfukoni, mtupu. “Mamba atakula,” alisema, “ni haki yake ale. Lakini sisi hatutalipa ili tutazame.”

“Lakini baba, wewe ni askari!” alisema mvulana kwa uchungu.

“Ndiyo sababu,” alijibu baba.

Hakuongeza neno. Mvulana alinuna, akapiga teke kokoto, akaenda mbele peke yake. Mama alitaka kumwita, baba akamzuia kwa ishara ya mkono. Msichana aliinuka na kumtazama mtu huyu usoni, kwa mara ya kwanza bila kujificha. Kisha akaenda kwa mama yake kama kawaida. Wazazi wengine wangeona kwamba safari imeharibika. La, haikuharibika. Matembezi ya watoto hayakosi mnuno mmoja, na mzazi mwenye busara hukubali mnuno huo uwepo, upite kwa wakati wake.

Kwa samaki, mukeke hawakumwona. Huyo ni samaki wa maji ya wazi, huogelea kwa makundi mbali na pwani, na si rahisi kumweka katika kisanduku cha kioo. Walioonekana walikuwa samaki wadogo wa mwambani, wenye mistari na rangi za kupendeza. Baba aliwaambia watoto jambo ambalo kila mtu wa Bujumbura yampasa alijue: ziwa wanaloliona kila siku lina urefu wa kilometa 673, na kina chake hufika meta 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Nchi nne hugawana maji yake: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Humo mna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo wa mwambani, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote ulimwenguni.

Msichana aligusa kioo kwa pua. “Huyu ana watoto?” aliuliza. Aliuliza hewani, wala hakumuuliza mtu. Mama alisema, “Muulize baba.” Kimya kikapita. Kisha sauti ndogo ikasema, “Huyu ana watoto?” na safari hii macho yake yalikuwa juu ya viatu vya baba yake.

Baba hakujua. Angeweza kubuni jibu, kama wengi wetu tufanyavyo mbele ya watoto. Badala yake alisema, “Sijui, mwanangu. Twende tumuulize bwana yule.” Wakaenda wawili, yeye mbele, mtoto hatua tatu nyuma. Mwongozaji akawaambia kwamba jamii nyingi za samaki hao huhifadhi mayai kinywani. Mama huyakusanya, hukaa nayo mpaka yaanguliwe, na wengine hukaa siku nyingi bila kula. Vitoto vikitishwa hurudi mbio katika kinywa cha mama.

“Kama mamba,” alisema msichana.

“Kama mamba,” alisema baba.

Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza. Mtu apitaye asingeona chochote, ila baba na mtoto waliosimama mbele ya samaki.

Kisha wakaenda kwenye nyumba. Urugo wa Makumbusho Hai ulijengwa kwa mfano wa makao ya mfalme, Mwami, ambaye utawala wake ulikomeshwa nchini tarehe 28 Novemba 1966. Ua huzunguka uwanja, na nyumba ya duara imeezekwa nyasi kutoka kileleni hata chini. Mlango ni wa chini, na mtu mzima hana budi kuinama. Baba aliinama, akaingia, na watoto wakamwona anabadilika. Mtu aliyekuwa akiuliza mahali pa chumvi, hapa hakuuliza kitu. Alijua upande wa moto, upande wa kulala, na mahali pa vyombo vya maziwa. Alivitaja kwa majina ya Kirundi, na mama akavieleza kwa Kiswahili: icansi, chombo cha mti cha kukamulia na kuwekea maziwa, inkono, chungu cha kupikia, ambacho ufinyanzi wake ulikuwa hasa kazi ya Watwa, na igisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa yapate kutoa siagi. Akawafundisha pia salamu ya wazee, “Amashyo,” ambayo maana yake ni kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Katika nchi ambayo ng'ombe alikuwa mali, mahari na heshima, hapakuwa na dua kubwa kuliko hiyo.

Mvulana, ambaye alikuwa bado na mabaki ya hasira, aliuliza kwa sauti kavu igisabo kilitumikaje. Vyombo vya makumbusho havishikwi ovyo, na baba hakuvishika. Alitoka nje, akaketi chini katika kivuli cha ukuta wa nyasi, akanyoosha miguu, akachukua chupa ya maji kutoka katika kikapu cha mama na kuilaza mapajani. Akaanza kuisukasuka, mbele na nyuma, polepole, kama alivyomwona mama yake akifanya alfajiri katika vilima vya Muramvya. Alisema kwamba kazi ile ilitaka subira, kwamba mkono ulichoka kabla ya maziwa kukubali, na kwamba watoto walizoea kuamshwa na sauti yake.

Chupa ikalia: chuku-chuku, chuku-chuku. Msichana akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Kisha akaketi chini, akaweka mikono yake miwili midogo juu ya chupa, kando ya mikono ya baba yake, akasuka pamoja naye. Mama aligeuka akatazama miti.

Mvulana hasira yake ilimwisha kwenye ngoma. Baba alimwambia kwamba katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na utawala, kwa sababu mfalme na ngoma vilikwenda pamoja. Ngoma huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, hufunikwa ngozi ya ng'ombe, na hupigwa kwa fimbo mbili. Wapigaji husimama nusu duara, na katikati hukaa ngoma inayoongoza, inkiranya. Miaka miwili baada ya matembezi hayo, mwaka 2014, UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Mvulana aliyeisikia habari hiyo redioni aliweza kuwaambia wenzake, “Mimi naijua, baba yangu alinionyesha.”

“Na mama hujachagua,” alisema mvulana.

“Mimi nachagua benchi lile,” alijibu mama, na wote wakacheka. Wakaketi chini ya mti, wakala ndizi. Msichana alisinzia, na saa tano na nusu walikuwa njiani kurudi. Nyoka hawakuwaona, wala sehemu nyingine nyingi. Hakuna aliyesikitika. Msichana alibebwa mgongoni na baba, kwa kuwa mama alikuwa na kikapu, naye hakukataa.

Kisa hiki kina mafunzo kwa kila mzazi. Kwanza, makumbusho hayaishi kwa siku moja, na watoto wadogo hawawezi zaidi ya saa mbili au tatu. Afadhali vitu vitatu vilivyozungumzwa kuliko vitu mia vilivyopitwa mbio. Pili, kila mtoto apewe nafasi ya kuchagua, maana akichagua huangalia kwa macho yake mwenyewe. Tatu, mzazi asione haya kusema “sijui”. Neno hilo humfungulia mtoto mlango wa kuuliza. Nne, mzazi aliyetoka mbali atafute kitu anachokijua yeye, hata kiwe kibuyu, akifanye mbele ya watoto wake. Amri humfanya mtoto anyamaze, na zawadi humfanya ashukuru, lakini kazi ya mikono miwili kando ya mikono miwili humfanya asogee.

Wala si lazima uwe Bujumbura. Askari na polisi walio Gitega wana Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, yenye hazina ya vyombo vya kale vya nchi. Walio Dar es Salaam wana Kijiji cha Makumbusho, kilichoanza miaka ya 1960, ambako nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa kama zilivyokuwa, na mtoto wa Mhehe au wa Mhaya anaweza kuonyeshwa mlango wa babu yake. Walio Mombasa wana Ngome ya Yesu. Na palipo hapana makumbusho, nyumba ya bibi kijijini, yenye kinu, mbuzi ya nazi na kibatari, ni makumbusho tosha kwa mtoto aliyezaliwa mjini, ilimradi awepo mtu wa kumweleza.

Nyumbani Buyenzi kazi haikuisha siku ile. Kesho yake asubuhi msichana aliileta ile chupa, akaiweka mbele ya baba yake. Mama alinunua maziwa, akayachemsha vizuri, kwa kuwa maziwa mabichi huleta maradhi, akayaacha yapoe na kuyaengua malai. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo, mpaka malai yakawa kiasi cha nusu chupa yenye mdomo mpana. Msomaji akipenda kujaribu, afanye hivyohivyo: malai yawe ya baridi kidogo, chupa isijae, kifuniko kifungwe barabara, na watu wapokezane. Baba alisuka, mvulana akasuka, msichana akasuka huku akihesabu, kisha baba tena. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Mvulana alisema, “Hayatakubali.” Baba alisema, “Yatakubali.” Halafu sauti ndani ya chupa ikabadilika, ikawa nzito, na madonge madogo ya manjano yakaonekana yakielea. Mama aliyakusanya kwa kijiko, akayaosha kwa maji safi, akatia chumvi. Siagi yote ilikuwa kiasi cha yai la kuku. Waliipaka juu ya mkate, kila mmoja kipande.

Jioni ile jirani alibisha hodi kutaka kuazima pasi. Alimkuta msichana kizingitini, amekumbatia chupa tupu, na nyuma yake mwanamume ambaye jirani hakumtambua mara moja bila sare zake.

“Huyu nani?” aliuliza jirani.

“Ni baba,” alijibu mtoto. “Chumvi iko pale juu, nimemwonyesha.”